Impala ya Mjane wa Nebraska

Kaka yangu Belarmino aliomba boksi la jokofu, akalitandaza sakafuni mwenyewe, akalala chali, akaanza kujisogeza chini ya gari kwa visigino, kidogo kidogo, hadi tukabaki tunaona viatu vyake tu. Mimi nilikuwa nimesimama na funguo mkononi kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Mama alikuwa mlangoni mwa karakana, aproni yake imejaa unga. Belo, ndivyo tulivyomwita, alikuwa amelazwa hospitalini Albuquerque siku tisa na alikuwa amerudi saa hiyohiyo, hata koti hajavua.

Nikainama kumchungulia. Nilitarajia kumwona akipapasa kwa vidole, kama alivyopapasa magari ya watu miaka arobaini. Lakini vidole vyake vilikuwa vimelala kifuani. Alikuwa ameinua kichwa na kuegemeza shavu kwenye chuma, pale palipochomelewa, analipitisha taratibu kutoka kiungo kimoja hadi kingine, macho kayafumba.

"Nani?" akauliza kutoka huko chini.

Nikajifanya sijasikia.

"Eloy, nakuuliza wewe. Kazi ya nani hii?"

Nimekuwa nikilijibu swali hilo mwaka wa saba sasa, kichwani mwangu, kila mara kwa namna nyingine. Siku ile nilijibu jina tu. Lakini jina hilo halina maana kwa mtu asiyejua tulifikaje pale, kwa hiyo niache kwanza Belo alale hapo juu ya boksi lake.

Kwetu Española, mji mdogo wa bondeni kaskazini ya Albuquerque, mtu hujulikana kwa gari lake kabla ya jina la baba yake. Si gari jipya. Gari jipya ni la kuendea dukani. Nazungumzia yale ya zamani, marefu kama kitanda cha maharusi, ambayo fundi huyakata springi, akayatia pampu za mafuta na betri kwenye buti, akaimarisha chasisi kwa vipande vya chuma, hadi dereva akibonyeza swichi gari linalala chini tumbo likagusa lami, akibonyeza nyingine linainuka. Kazi hiyo tunaiita kukata, na aliyekata magari ya bonde letu alikuwa kaka yangu. Wapo mafundi wengine, sikatai. Lakini ukisema "hili kalikata Belo", watu walikuwa wanavua kofia.

Na akifa mtu wetu, magari hayo ndiyo yanayomsindikiza. Hupangwa kandokando ya njia ya makaburini, na jeneza likipita, kila gari linashusha pua yake hadi chini, likanyanyua mkia. Linapiga magoti. Nimeona wanaume ambao hawakutoa chozi kwa mama zao wakilia kama watoto kwa sababu ya gari kuinama.

Mimi sikuwa na gari la namna hiyo. Niliondoka bondeni nikiwa na miaka kumi na tisa, nikapata kazi ya ofisi ya bima Albuquerque, nikanunua kigari cha kubana matumizi. Kila Jumapili nilipokuja kula kwa mama, Belo alikuwa anakizunguka, anakipiga teke la gurudumu. "Hii nini, pasi ya umeme?" Wote wanacheka, nami nacheka. Hakuna siku aliyoniambia lete gari nikukatie. Hakuna siku niliyomwomba. Yeye alingoja nimwombe, mimi nilingoja anikaribishe, na miaka thelathini na zaidi ikapita hivyo, wapumbavu wawili wa tumbo moja.

Kisha mwezi mmoja wa Machi mama akanipigia simu ofisini, saa ya chakula.

"Belo ana saratani," akasema. "Ya utumbo. Imeshafika kwenye ini." Alisema kwa sauti ileile anayotumia kusema maji ya mfereji yamefungwa. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Nilikuwa nimeshika burito mkononi, chapati iliyoviringishwa na maharage. Nikaiweka, nikaichukua tena. Nikafungua kompyuta bila kujua natafuta nini, na mkono ukaenda wenyewe kwenye magari ya zamani. Ndipo nilipoliona. Picha sita, moja ina kidole gumba cha mpigaji. Chevrolet Impala ya mwaka 1963, milango miwili, rangi ya bluu iliyopauka kama jinzi ya mkulima. Haijakatwa, haijapakwa rangi upya, haijaguswa. Mwenyewe alikuwa mjane wa Nebraska, Bi. Verna Tollefson, na chini ya picha aliandika kwamba hamtafuti mwenye bei kubwa. Anamtafuta mtu atakayeliacha gari kama mumewe Arvid alivyoliacha. "Niandikie unataka kulifanya nini," alisema, "nami nitachagua."

Nikamwandikia. Dakika nne hazikufika. *Mama mpendwa, naahidi sitaligusa hata skrubu moja. Litabaki kama bwana Arvid alivyoliacha.* Na wakati vidole vinaandika hayo, kichwani namwona Belo na miwani yake myeusi, moto wa gesi mkononi, anazikata springi za Arvid zikidondoka sakafuni. Ndivyo nilivyokuwa. Nilitaka gari moja duniani lililopita mikononi mwa kaka yangu liitwe langu, na nilitaka kabla hajafa, na sikujali namdanganya nani. Jibu lilikuja burito haijaisha. Amenichagua mimi. Akiba niliyoweka kwa ajili ya paa la nyumba ikaenda mchana ule, kwa gari ambalo sikuwahi kuliona.

Lilishushwa uani kwa mama siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, mahujaji wanapita barabarani kwenda kuhiji kanisa la Chimayó na fimbo zao. Belo alitoka ndani. Alikuwa ameshaanza kukonda, suruali imefungwa kwa mkanda wa tundu jipya. Akalizunguka gari mara moja. Akalizunguka mara ya pili. Hakulipiga teke.

"Umelitoa wapi?"

"Mtandaoni."

"Ulikwenda kuliona?"

"Niliona picha."

"Ala! Mtu hanunui hata tikiti maji kwa picha, wewe unanunua gari!" Lakini alikuwa anacheka, na kofia ilikuwa mkononi mwake. "Sitini na tatu. Na sakafu yake ileile. Eloy, wewe mshenzi, hili hata mimi sijawahi kuliona hivi."

Nikaona ndiyo saa yenyewe. Moyo unanidunda, mtu mzima wa miaka hamsini na minne. "Kaka," nikasema, "nikatie."

Akapitisha kiganja hewani juu ya boneti bila kuigusa.

"Magari haya yanatafutwa na watu wengi," akasema. "Huyo mama alikupaje wewe? Ulimwambia nini?"

Nikampa simu asome. Alisoma polepole, midomo inacheza, kama anavyosoma karatasi za hospitali. "Sitaligusa hata skrubu moja," akasema kwa sauti. "Umeandika wewe haya?"

"Niliandika tu, kaka."

"Hakuna kuandika tu. Ahadi ni deni. Basi hatukati."

"Yuko Nebraska! Atajuaje?"

"Mimi nitajua," akasema, akanirudishia simu.

Nilikasirika, niseme ukweli. Nilikasirika hadi nikaondoka bila kula. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu: kila mlevi wa bonde hili ana gari lililokatwa na Belo, na mimi ndugu yake ananitafutia mjane wa kujificha nyuma yake. Sikujua kwamba nilikuwa nimegusa penyewe.

Jumapili iliyofuata nikamkuta anaongea na Bi. Verna kwa simu. Aliitafuta namba yake mwenyewe, akampigia kumwambia gari limefika salama, na kumbe yule mama alikuwa na maneno. Wakawa wanaongea kila Jumapili baada ya misa. Bi. Verna alimfundisha namna ya kuliwasha: unakanyaga pedali mara mbili, halafu unasubiri, kama unavyomsubiri mzee avae viatu. Alimweleza Arvid alivyokuwa analiendesha kwenda kanisani kwao kwa Walutheri hata theluji ikiwa magotini, na alivyokuwa anakataza mtu kula ndani yake isipokuwa pipi ya mnanaa. Belo anasikiliza, anasema, "Ehee. Ehee. Alikuwa na akili huyo." Mimi nilikuwa nakaa pembeni naangalia saa.

Kiangazi chote tuliliosha, tukalipaka nta, tukasafisha kabureta. Jumapili jioni tulikuwa tunalitoa barabara kuu ya Riverside Drive, mwendo wa pole, Belo usukani, mimi kando yake, mama kiti cha nyuma na mkoba wake mapajani kama anakwenda kwa askofu. Vijana wa pembeni wanapiga kelele, "Lishushe, Belo! Lishushe!" Naye anatoa mkono dirishani, anawapungia. "Halishuki hili. Hili ni la Kilutheri." Wanabaki wanatazamana.

Alikuwa amevaa glavu za sufu. Agosti, jua linapasua mawe, na Belo anaosha gari na glavu, anashika usukani na glavu. Nikamuuliza. "Rangi ya miaka sitini haiguswi na kucha," akasema. Nikaamini. Nikasema kaka yangu na mikogo yake.

Majuto ni mjukuu, wanasema, na mimi wajukuu hao ninao wengi, lakini mkubwa wao ni huyu: kiangazi kile chote nilikuwa nangoja kazi ianze. Kila nilipofika uani nilimtazama kama leo atasema lete mtungi wa gesi. Kumbe ile ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, sabuni na kitambaa na pipi za mnanaa. Sikuwahi kukaa na kaka yangu Jumapili ishirini mfululizo tangu tukiwa watoto, na nilizikaa zote nimenuna.

Oktoba, bondeni kote kunanuka pilipili zinazochomwa, Belo akazidiwa. Utumbo ulijifunga. Wakampeleka Albuquerque usiku, asubuhi wakampasua. Nilikaa kando ya kitanda chake siku mbili, analala na mirija puani, na hapo ndipo niwaambie nilichokuwa nafikiri, kwa sababu sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa naona msafara. Naona magari ya bonde zima yamepangwa makaburini, jeneza la Belo linapita, moja baada ya jingine yanapiga magoti, na langu, gari la ndugu wa damu, limesimama wima kama la mtalii. Niliona aibu hiyo waziwazi kuliko nilivyomwona yeye pale kitandani akipumua.

Siku ya tatu nikalipeleka Impala kwa Rumaldo Archuleta, kule Alcalde. Rumaldo alifundishwa na Belo tangu akiwa kijana, na ndiye aliyebaki kupokea kazi za watu Belo alipoacha. Alilizunguka gari, akajikuna shingo.

"Belo anajua?"

"Anajua," nikasema.

"Na anataka mimi nilikate?"

"Amesema wewe."

Akafurahi yule bwana, macho yakamlowa. Alifunga karakana kwa wengine wote, akafanya siku sita, hakulala vizuri. Springi za Arvid aliniwekea kwenye gunia, nikazitupa. Nilijiambia ni zawadi. Belo atatoka hospitalini, atalikuta, atabonyeza swichi, atacheka. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Basi sasa turudi pale karakanani kwa mama, Belo chini ya gari, amelala juu ya boksi.

"Rumaldo," nikasema.

Viatu havikusogea.

"Fundi mzuri," akasema hatimaye. "Kwenye kona hii ametia haraka kidogo. Lakini itashika."

Tukamvuta mimi na mama, mmoja mguu huu, mmoja ule. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anahema, shavu lake moja jeusi kwa grisi. Alilitazama gari, akanitazama mimi, na ninachokumbuka ni kwamba hakuwa na hasira. Ningependa awe na hasira.

"Eloy," akasema, "mtu akiwa mgonjwa nyumbani, huchongi jeneza ukalisimamisha sebuleni anakopita kwenda kunywa maji."

"Kaka, mimi nilitaka tu..."

"Najua ulitaka nini. Gari linakatwa lipige magoti, na lipige magoti kwa nani? Mimi nimekuja na njaa. Njia nzima kutoka Albuquerque nawaza maharage ya mama. Kumbe wewe umeshanizika."

Nilisema neno ambalo hata leo natamani lingenikwama kooni. Nilisema, "Nilitaka gari lako. Hata moja. Kabla hujaondoka."

"Langu?" akasema. "Hili la Rumaldo."

Akainuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani kula.

Mama alinifuata baadaye jikoni, nikiwa naosha sahani ambazo zilikuwa safi. Akafunga bomba. "Hujui, eh?" akasema. "Hana vidole. Dawa zimeviua. Hawezi kufunga vifungo vya shati, namfungia mimi, mwanamume wa miaka sitini na moja. Maziwa akiyatoa kwenye jokofu ni kwa glavu, maana baridi inampiga kama waya wa umeme. Vikombe vyangu vinne vimevunjika. Na wewe ulimtaka akate chuma?"

"Mbona hakuniambia?"

"Akuambie hawezi? Wewe, uliyengoja miaka yote hiyo?" Alikuwa ananong'ona, lakini maneno yalitoka kama anatema. "Ulimletea yule mjane, akashukuru Mungu. Akapata cha kusema. Akasema hatukati, ahadi ni ahadi, na kila mtu akamheshimu. Sasa umekwenda kwa Rumaldo."

Alirudi kwenye unga wake.

Jumapili ile, baada ya misa, Belo aliweka simu mezani mbele yangu. "Mpigie wewe leo. Mwambie."

Nikamwambia Bi. Verna kila kitu, kwamba nilidanganya tangu mwanzo na kwamba gari limekatwa.

"Nilipata barua arobaini na mbili," akasema. "Yako ilikuwa fupi kuliko zote. Nikasema huyu hana maneno mengi, huyu ni mkweli." Kisha akasema, "Nipe Belarmino."

Belo akaipokea kwa viganja viwili, kama mtu anayeshika ndege. "Ndiyo, Verna," akasema. "Ndiyo. La, limekatwa vizuri, halikuharibiwa. La. La, Verna, si mtu mbaya." Akanitazama. "Ni mdogo wangu tu."

Waliendelea kuongea Jumapili zote zilizobaki. Mimi yule mama hakunitaka tena kwenye simu, na sikumlaumu.

Tangu hapo gari lilikaa karakanani. Sikuthubutu kuligusa, na Belo halitaji. Hadi Januari, siku moja ya jua kali na baridi ya kukata masikio, akasema nimtoe. Hakuwa na uzito tena, nilimbeba mimi mwenyewe hadi kwenye kiti, nikamfunga mablanketi mawili, nikawasha kipasha joto hadi vioo vikatoa jasho. Nikakanyaga pedali mara mbili, nikasubiri. Tulikwenda hadi kwenye uwanja wa kuegesha magari nyuma ya kanisa la Santa Cruz. Hapakuwa na mtu.

"Hebu nionyeshe," akasema.

"Nini?"

"Usijifanye mjinga. Nionyeshe linavyopiga magoti."

"Siwezi, kaka."

"Huwezi! Umelikata huwezi?" Akautoa mkono ndani ya blanketi, na glavu yake, akatafuta swichi kwa macho maana kwa kugusa asingeijua, akaibonyeza kwa kisigino cha kiganja.

Pampu zikalia nyuma. Pua ikaanza kushuka, polepole, vizuri, bila kutikisika, kanisa likapanda juu ya kioo cha mbele likatoweka, ikabaki changarawe na vipande vya barafu. Tulikuwa tumeinamia ardhi wote wawili, mikanda imetushika viunoni. Nikamsikia anapumua kwa pua, kama alivyokuwa anapumua akisikiliza injini ya mtu.

"Rumaldo amejifunza," akasema.

Mimi nilikuwa nalia. Machozi yanadondokea usukani moja kwa moja kwa jinsi tulivyoinama.

"Unalia nini wewe?" akasema. "Mimi ndiye ninayekufa." Akacheka hadi akakohoa. Alipotulia akasema, "Sikiliza. Siku yangu usilifanye hivi."

"Kaka, watu watasema..."

"Waache waseme. Wengine wote wapige magoti, nimewakatia wapige. Hili usilishushe. Nimeshaliona. Nimo ndani, na wewe umo. Ile ya siku ile mimi sitaiona, ya nini?" Akageuza kichwa kwa taabu. "Niahidi."

"Naahidi."

"Hiyo ni ya kweli, au ni ile ya Nebraska?"

Nikamshika mkono juu ya ile glavu. Sijui kama alihisi. Akaniacha nimshike, kisha akabonyeza swichi ya pili mwenyewe, na kanisa likarudi kwenye kioo.

Alikufa wiki ya pili ya Februari, asubuhi, mama akiwa anamnyoa.

Magari yalikuja thelathini na moja. Yalitoka Chimayó, yalitoka Taos, moja lilitoka mbali kabisa, Las Cruces. Yalijipanga kandokando ya njia ya makaburi, yameng'aa kama ya harusi, kila moja limefungwa utepe mweusi kwenye antena. Mimi nilipewa nafasi ya mwisho, karibu na kaburi lenyewe, nafasi ya heshima. Jeneza lilibebwa mabegani na binamu zetu sita. Mama alitembea nyuma yake, ameshikwa na padri.

La kwanza likashuka. La pili likashuka. Walikuwa wanashusha kwa zamu, jeneza likifika usawa wao, na kila pampu ilikuwa inalia kwa sauti yake, nyingine nzito, nyingine nyembamba. Nilimwona Rumaldo ndani ya lake, mbele yangu, amefunika uso kwa kofia na mkono mmoja kwenye swichi. Likashuka hadi pua ikala vumbi.

Kisha ikawa zamu yangu.

Nilikuwa nimeikalia mikono yangu. Niliiweka chini ya mapaja tangu gari la kwanza, kwa sababu niliijua, ingeweza kufanya kitu bila kuniuliza kama ilivyofanya mwanzo. Binamu zetu walipunguza mwendo. Wakasimama. Walidhani nimechelewa. Mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Eloy!" Mwingine akaguna. Rumaldo akatoka ndani ya gari lake, akaja dirishani, macho mekundu.

"Betri?" akaniuliza.

"Nzima."

"Pampu zimegoma?"

"Hazijagoma."

Akaniangalia. Akaitazama swichi, kazi ya mikono yake, iko pale wazi kando ya usukani. "Basi wewe una roho gani?" akasema, na hakupunguza sauti, watu wote wakasikia. Mama akasikia. Aligeuka akanitazama muda mrefu, mdomo wake ukafunguka kidogo, kisha padri akamgusa kiwiko na akaendelea kutembea.

Kwa kuwa nilikuwa sijainama, nilimwona Belo akipita. Jeneza lilikwenda usawa wa macho yangu, karibu kiasi kwamba ningetoa mkono ningeligusa, na wale wengine wote walikuwa wanatazama mchanga.

Hadi leo, bondeni wanasema gari la Eloy lilikataa kumwinamia ndugu yake. Wengine wanasema ni kiburi cha mjini, wengine wanasema tuligombana, na hilo si uongo. Mama aliniuliza mara moja tu, nami nikamwambia ni Belo aliyetaka. Sijui kama aliniamini, kwa kuwa nimeshasema uongo mwingi kuhusu gari hilo. Rumaldo hanisalimii. Tukikutana kituo cha mafuta hugeuza uso akajifanya anapima upepo wa matairi yake, nami najaza mafuta yangu, nakanyaga pedali mara mbili, nasubiri, naondoka.